Nunua Trekta ya Theluji, Nyasi Zitakatika Tu

Trekta ndogo yoyote inayowaka itakata nyasi. Ubora wake unajulikana Januari, theluji ya usiku kucha ikiwa imeziba njia ya gari, na plau ya jiji imepita barabarani ikaacha tuta la barafu na chumvi kwenye mdomo wa geti. Kwa hiyo anayeishi Minnesota, Maine, Winnipeg au kokote kwenye baridi kali ambako ndugu zetu wamehamia, akitaka mashine moja ya mwaka mzima, aanze kuichagua kwa theluji. Wengi hufanya kinyume. Wanaingia dukani Mei, wanatazama upana wa deki, ile sehemu ya chini yenye visu vya nyasi, na nguvu za farasi, halafu Novemba ndipo wanauliza kama bledi ya kusukuma theluji inafungika.

Piga hesabu kwanza. Njia ya gari ya mita 30 kwa 4, ikiangukiwa na theluji ya sentimita 20, ina mita za ujazo 24 za theluji. Ile nyepesi ya baridi kavu ina uzito wa kama kilo 100 kwa mita ya ujazo, yaani karibu tani mbili na nusu za kusogeza kabla hujaenda kazini. Ile iliyolowa, ya mwisho wa majira, inaweza kufika kilo 300, na hapo ni zaidi ya tani 7. Nyasi hazina mzigo wa namna hiyo.

Kinachobeba mzigo huo ni giaboksi ya nyuma na uzito wa trekta yenyewe. Nguvu za injini zinafuata baadaye. Trekta za kazi hii ziko za namna tatu, na majina ya dukani yanazichanganya, kwa hiyo angalia chuma, usiangalie maandishi ya ubavuni.

Ya kwanza ni trekta nyepesi ya nyasi. Fremu yake ni bati lililokunjwa, uzito kama kilo 200, deki ya inchi 42 hadi 46, na giaboksi ya haidrostatiki, inayoendeshwa kwa presha ya oili, iliyofungwa kiwandani. Nyingi hazina hata mahali rahisi pa kumwaga oili. Giaboksi kama K46 ya Tuff Torq, utakayoikuta chini ya chapa nyingi tofauti, ilikusudiwa kukata nyasi kwenye uwanja tambarare. Ukiifungia bledi, uzito na minyororo ya matairi, matairi yanashika ardhi kuliko giaboksi inavyoweza kustahimili. Tairi haliruhusiwi kuteleza, basi nguvu yote inaishia ndani ya giaboksi: oili inapata moto, inakuwa nyepesi, presha inashuka. Dalili yake ni trekta inayopanda mteremko vizuri ikiwa baridi, halafu baada ya nusu saa inasimama katikati huku injini ikinguruma kama kawaida.

Ya pili ndiyo trekta ya bustani hasa. Fremu ya chuma kinene, kilo 300 hadi 450, magurudumu makubwa ya nyuma yaliyokazwa kwa boliti tano, chujio la oili ya giaboksi linalobadilishwa, na mara nyingi difloki, kufuli inayolazimisha magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja. John Deere X738 ina hata uwezo wa kuvuta kwa magurudumu manne. Ya tatu ni trekta kamili iliyopunguzwa umbo, kama Kubota za BX au John Deere 1025R: dizeli, magurudumu manne, mikono mitatu ya kubebea zana nyuma, na shafti ya PTO, inayopeleka nguvu za injini kwenye zana, ya mizunguko 540 kwa dakika.

Msimamo wetu ni huu. Njia ya lami isiyozidi mita 15 haihitaji trekta ya theluji. Nunua trekta nyepesi ya nyasi, na blowa (mashine ya kurusha theluji) ya kusukuma kwa mkono kivyake. Kuanzia hapo hadi mita 60 hivi, trekta ya bustani inatosha. Njia ikizidi urefu huo, au ikiwa ya changarawe na kupanda, ingia kwenye daraja la tatu, hata kama italazimu kununua iliyotumika.

Na iliyotumika ipimwe ikiwa na moto. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, ushike injini uone ni baridi kweli. Ikishawaka, iendeshe dakika 30, kisha ipandishe mteremko taratibu. Ikipungua kasi kuliko mwanzo, au giaboksi ikilia mluzi unaopanda na kushuka, ondoka. Chungulia oili ya giaboksi: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Inama uangalie deki kwa ndani, kwa sababu kutu huanzia chini ya nyasi zilizoganda, rangi ya juu ikiwa bado inang'aa. Injini ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa, vaa glavu nene, shika kila kisu uzungushe: ukisikia mkwaruzo au kisu kikicheza juu na chini, beringi za spindo, mhimili unaozungusha kisu, zimekwisha. Mwisho, kabla ya kutoa pesa, hakikisha bledi na blowa za modeli hiyo bado zinapatikana. Fremu za kufungia hazibadilishani kati ya modeli na modeli, na trekta nzuri isiyo na kifaa chake cha theluji inabaki kuwa ya nyasi tu.

Bledi au blowa

Bledi ni rahisi, haina mengi ya kuharibika, na kwa theluji ya sentimita 10 hadi 15 inamaliza kazi haraka. Ya inchi 48 inatosha trekta ya bustani. Shida yake ni nafasi. Theluji unayosukuma lazima iende mahali, na tuta likishaganda pembeni huliwezi tena. Ifikapo Februari njia imekuwa nyembamba kama kichochoro. Dawa ni kusukuma mbali mno mara ya kwanza, mita moja au mbili ndani ya nyasi, wakati theluji ingali laini. Usivushe theluji upande wa pili wa barabara wala kuiacha barabarani. Minnesota ni kosa kisheria. Njia ya waendao kwa miguu nayo ina saa yake: Minneapolis, mwenye nyumba ya familia moja au mbili ana saa 24 tangu theluji iache kuanguka.

Blowa huondoa tatizo la nafasi, kwani inarusha theluji mita kadhaa. Chukua ya hatua mbili, ambayo skrubu kubwa hukusanya na feni ya nyuma hurusha. Kwa upana wa inchi 42 hadi 47 ipe injini ya farasi 20 au zaidi. Endesha injini kwa resi yote muda wote, mwendo uupunguze kwa pedali. Wanaopunguza resi kwa kuhurumia injini ndio bomba linawaziba, maana feni ikipoteza mzunguko theluji iliyolowa inabaki shingoni. Kabla ya kutoka, puliza silikoni ndani ya bomba na kwenye feni.

Bomba likiziba, zima PTO, zima injini, toa ufunguo, subiri kila kitu kisimame, kisha zibua kwa fimbo. Usitumie mkono hata kama injini imezimwa. Mkanda unaweza kuwa umebana nguvu, na feni ikishaachiliwa inapiga mzunguko mmoja wa ghafla. Mzunguko huo mmoja unatosha kuondoa vidole.

Skrubu imeshikwa na pini za kukatika. Ikimeza jiwe au gazeti lililoganda, pini inakatika na giaboksi ya blowa inapona. Dalili yake: upande mmoja wa skrubu unazunguka, mwingine umesimama. Zima kila kitu kama tulivyosema, linganisha matundu, gonga kipande kilichobaki kitoke, ingiza pini mpya ya modeli hiyohiyo. Weka nne chini ya kiti wakati wote. Atakayeweka boliti ngumu ya kawaida kwa sababu pini zimemwishia, jiwe litakalofuata litavunja meno ya giaboksi, na bei ya hapo haifanani na ya pini hata kidogo.

Viatu vya pembeni vya blowa, vyuma vinavyoteleza ardhini, virekebishe ili ukingo wake wa chini ukae milimita 3 juu ya lami. Kwenye changarawe ukingo huo uupandishe hadi sentimita 2, na theluji ya kwanza ya mwaka uigandamize kwa matairi bila kuikwangua, ipate kuwa sakafu. Bila hivyo mawe yataruka hadi kwenye madirisha.

Uzito na mshiko

Blowa ya kilo 100 au zaidi ikining'inia mbele inanyanyua nyuma, na matairi yanateleza. Rudisha uzito nyuma: chuma cha uzito cha kilo 23 kila gurudumu, na maji maalumu ndani ya matairi. Tairi la 23x10.50-12 linabeba kama lita 26. Likijazwa majimaji ya kiazisukari, yenye uzito wa karibu kilo 1.3 kwa lita, unapata kilo 33 nyingine kila upande. Usitumie maji matupu, yataganda, na kalisiamu kloridi ikivuja inakula rimu. Soma kitabu cha trekta kwanza, maana kikomo cha ekseli kipo.

Minyororo chukua ile yenye pingili ya kuvuka kila baada ya viungo viwili, kwa sababu ya viungo vinne inarusharusha na kuteleza kati ya pingili. Ifunge, endesha mita chache, ikaze tena. Kagua nafasi kati ya mnyororo na fremu kwa kuzungusha gurudumu zima. Minyororo inachubua lami na saruji. Ukiwa na njia tambarare ya lami jaribu uzito peke yake kabla.

Injini za petroli zipewe oili ya 5W-30 majira ya baridi. Dizeli ya kiangazi hutoa nta hata kabla baridi haijafika nyuzi 15 chini ya sifuri na kuziba chujio, kwa hiyo tangi liwe limejazwa dizeli ya baridi mapema. Betri ikae kwenye chaja ndogo ya kudumu. Kufunga blowa kwa mara ya kwanza kunaweza kula nusu siku; fanya mwishoni mwa Oktoba, mikono ikiwa bado inashika nati.

Ikifika nyasi

Pima geti kabla ya deki, kwani deki ya inchi 42 pamoja na mdomo wake wa kutemea nyasi inahitaji zaidi ya inchi 50. Deki ya inchi 54 kwenye uwanja wenye vishimo itanyoa vilima hadi udongo. Ya 48 inafuata ardhi vizuri zaidi. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, ya 48 inakata ekari moja na robo hivi kwa saa, ukihesabu na kugeuza. Kwenye mteremko panda na kushuka, usikate kwa ubavu, na zaidi ya nyuzi 15 trekta isifike.

Kabla ya mkato wa kwanza wa Aprili toa minyororo na vyuma vyote vya uzito, maana ardhi iliyoyeyuka bado laini na uzito huo utachora mitaro. Jaza matairi upepo sawasawa, kwani tairi moja likipungua deki nzima inalala upande. Egesha kwenye sakafu tambarare, chomoa plagi, geuza visu vielekee kushoto na kulia, pima ncha hadi sakafuni: tofauti isizidi milimita 3. Kisha geuza vielekee mbele na nyuma. Mbele pawe chini kwa milimita 3 hadi 6. Nyuma pakiwa chini, kisu kinapiga jani mara mbili, na ncha zake zinageuka kahawia kesho yake.