Koni ya kijani haibebi mzigo

Tangu niguse habari ya maghala ya chuma yanayoota kandokando ya Mombasa Road, barua za viungo hazijakatika. Boriti na nguzo hakuna anayeniuliza. Wote wanakwama pale zinapokutana. Nimechagua barua saba, majina nikayaacha, nikabakiza kazi na mtaa.

Injinia, habari ya kazi. Nimechora mezanini nzima kwa Tekla na kila kiungo kimetoa koni ya kijani. Bosi anauliza kama viungo viko salama. Nimwambie ndiyo? (Mchoraji, Donholm)

Hapana. Mwambie vimechoreka. Koni ni ile alama ambayo Tekla, programu ya kuchora majengo ya chuma, huiweka kwenye kila kiungo. Ya kijani maana yake programu imeweza kuunganisha vipande bila kulalamika. Ya njano ni kwamba imeunganisha lakini kuna jambo halijakaa sawa, mathalani tundu liko karibu na ukingo kuliko ulivyoagiza. Nyekundu, imeshindwa. Katika rangi zote tatu hakuna mahali ilipokuuliza boriti hiyo inabeba nini. Weka juu yake meza za ofisi au tangi la maji, kijani ni kilekile.

Tuchukue kiungo kimoja tukipime. Boriti ni UB 305×165×40, yaani boriti ya Kiingereza ya umbo la I: kina na upana kwa milimita, kisha kilo kwa kila mita. Nguzoni imechomelewa pleti iliyosimama kama pezi la samaki, na webu ya boriti, yaani lile bamba la katikati, imefungwa kwenye pezi hilo kwa bolti 3 za M20 (kipenyo milimita 20), daraja la nguvu 8.8, zilizopangwa wima kwa nafasi ya milimita 70. Kwa Eurocode 3, kanuni za Ulaya za kusanifu majengo ya chuma, bolti moja ya aina hiyo inahimili kukatwa hadi kilonyutoni 94, uzi ukiwa ndani ya mstari wa kukatwa. Hiyo ni karibu tani 9 na nusu. Mwenye haraka atazidisha kwa 3, apate 282, afunge daftari akanywe chai.

Lakini bolti hazijakaa kwenye uso wa nguzo. Ziko milimita 50 mbele yake, na hizo 50 zina bei. Mzigo unashuka mbali kidogo na nguzo, kiungo kinataka kuzunguka, na bolti ya juu na ya chini zinasukumwa kwa mlalo pia. Bolti ya juu inabeba theluthi ya mzigo kwa wima, na 0.36 ya mzigo huohuo kwa mlalo (50 mara 70, gawanya kwa jumla ya miraba ya umbali wa bolti kutoka katikati, yaani 70² + 70²). Ziunganishe kwa kanuni ya Pythagoras uliyosoma sekondari: 0.49. Sasa gawanya 94 kwa 0.49, unapata kama 192. Karibu theluthi nzima ya ile 282 imeyeyuka na koni haijabadilika rangi.

Na bado hatujaigusa webu yenyewe, ambayo unene wake ni milimita 6 tu. Kwa chuma cha daraja la S275, tundu lake linafika kikomo kwenye kilonyutoni 80 hivi kwa kila bolti, yaani chuma cha boriti kinaanza kutanuka kabla bolti haijafika 94 yake. Si jambo baya, maana chuma kinachotanuka kinakupa onyo na bolti inayokatika haikupi. Ila hesabu inashuka tena.

Kwa hiyo bosi akiuliza, nawe muulize: nguvu za kila kiungo zimetoka kwa mhandisi yupi, na ziko kwenye karatasi gani?

Nimeweka viungo kwenye Revit lakini bolti hazionekani, naona kialama tu. Nimefuta na kurudia mara tano. (Mwanafunzi, Juja)

Pole. Kwenye Revit, programu ya kuchora modeli za majengo, kiwango chako cha undani wa mwonekano kiko chini. Viko vitatu, panda hadi cha mwisho na bolti zitajitokeza. Zikigoma bado, basi umetumia kile kiungo cha jumla ambacho ni alama tupu isiyo na chuma ndani yake. Fungua mipangilio ya viungo, ingiza kwenye mradi aina unazozitaka, kisha ubadilishe. Na usifute kitu kabla hujaangalia mwonekano. Nusu ya vilio vya Revit ninavyoletewa ofisini ni vya mwonekano.

Kwenye hesabu nilichukulia ncha za boriti kama bawaba. Mchoraji ameweka pleti nene ya kichwani, ile ya kwenye ncha ya boriti, bolti 8, weldi kuzunguka kote. Nikilalamika ananiambia: si ni nguvu zaidi, Injinia? Nashindwa kumjibu. (Mhandisi mwanagenzi, Kilimani)

Swali hili ndilo lililonifanya niketi kuandika.

Kiungo kigumu hakiongezi nguvu bure. Kinabadilisha njia ya mzigo. Ulipoandika bawaba, yaani ncha inayozunguka kwa uhuru, uliiambia hesabu kwamba boriti itajikunja katikati na nguzo haitapindwa. Mchoraji akaigandisha ncha, na sasa sehemu ya upindaji ule inaingia kwenye nguzo ambayo hukuipimia. Boriti inapumua, nguzo inaumia. EN 1993-1-8, sehemu ya viungo ya Eurocode 3, inaligawa jambo hili kwa namba. Ugumu wa kiungo ukiwa chini ya 0.5EI/L ya boriti (EI ni ugumu wa boriti dhidi ya kupinda, L ni urefu wake), ni bawaba. Ukifika 8EI/L kwa fremu iliyofungwa mikingamo ya kutosha, au 25EI/L kwa isiyo nayo, ni kigumu. Kati ya hapo ni nusu kwa nusu, na hesabu yako lazima ijue hivyo.

Programu hazitakuokoa. Kwenye Revit, tangu toleo la 2023, modeli ya hesabu na modeli ya chuma zinasimama mbalimbali. Unaweza kuwa na bawaba upande mmoja na pleti ya bolti 8 upande wa pili, na hakuna kengele itakayolia.

Mwambie pia habari ya Kansas City, Marekani. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency, madaraja mawili ya ndani ya watembea kwa miguu, moja juu ya lingine, yaliporomoka na kuua watu 114. Mchoro wa kwanza ulikuwa na fimbo ndefu za chuma zilizoshuka kutoka darini, zikapita kwenye boriti za daraja la ghorofa ya 4 na kuendelea hadi la ghorofa ya 2. Fimbo za namna hiyo zingehitaji uzi mrefu mno ili nati ya katikati ifike mahali pake. Basi wakati wa michoro ya karakana kila fimbo ikakatwa ikawa mbili: moja kutoka darini hadi boriti ya juu, nyingine kutoka boriti hiyo hadi daraja la chini.

Kwenye karatasi ni badiliko dogo, hata linapendeza. Lakini fikiria watu wawili wananing'inia kwenye kamba moja, kila mtu na mikono yake. Sasa wa chini ameachia kamba akashika miguu ya wa juu. Kamba haijaongezewa kitu, mikono ya wa juu ndiyo imeongezewa mtu mzima. Nati iliyokuwa chini ya boriti ya juu ilikuwa ibebe daraja moja, ikabebeshwa mawili. Uchunguzi ulionyesha kwamba hata mchoro wa kwanza haukutimiza kanuni za mji ule, kwa hiyo hapakuwa na akiba ya kusamehe kosa la pili.

Hakuna aliyesema "tupunguze chuma". Walibadilisha kiungo bila kuuliza upya kila nati inabeba nini. Mchoraji wako naye hakupunguza chuma.

Sisi wa karakana tunaletewa mchoro umeandikwa weldi 6 basi. Ni 6 ya wapi? (Fundi wa kuchomelea, Industrial Area)

Fundi, afadhali umeuliza, wengi wanakisia. Herufi ndiyo inayosema. Ikiwa z6, ni mguu wa weldi, ule unaopima kwa geji juu ya pleti. Ikiwa a6, ni koo, unene wa weldi kutoka kwenye kona hadi usoni, na mguu wake unakuwa milimita 8.5. Programu zilizotengenezwa Ulaya bara hupenda koo, ilhali wengi wetu hapa tulifundishwa mguu kwa desturi ya Waingereza. Ukichomelea mguu wa 6 pale palipotakiwa koo la 6, umebaki na koo la 4.2, asilimia 30 imeenda. Ukifanya kinyume, umemwaga chuma cha weldi mara mbili na pleti inaweza kupinda kwa joto. Mchoro usio na herufi urudishe ulikotoka. Wakinung'unika, wanung'unike.

Kwenye kompyuta boriti zinaingia vizuri, saiti hazifungiki. Nani mwenye makosa? (Foremani, Embakasi)

Safari moja mwenye makosa nilikuwa mimi. Nguzo zilikuwa UC 203×203×46, nguzo za Kiingereza za umbo la H, na boriti zangu ziliingia kwenye webu ya nguzo kutoka pande zote mbili, kwa pleti za kichwani, bolti zilezile zikishika boriti ya kushoto na ya kulia. Kwenye skrini ilikuwa safi kama picha ya kalenda.

Foremani wa pale, mzee wa maneno machache, aliniita nipande jukwaani, akanipa spana ya 30 mkononi. "Haya Injinia, funga nati." Kati ya flanji na flanji ya nguzo, yaani yale mabamba mawili ya kandoni mwa webu, kuna milimita 181. Flanji ya boriti ni 165. Zimebaki 8 kila upande. Vidole vyangu viliingia, spana ikagota kwenye chuma kabla haijapata robo ya mzunguko. Akaniacha nihangaike kidogo, kisha akauliza swali lililoniuma zaidi: boriti ya kwanza ikishafungwa, ya pili inakuja na kreni, inabidi tutoe nati ili bolti ishike zote mbili, je, wakati huo ile ya kwanza imeshikwa na nani?

Sikuwa na jibu. Tulibadilisha yote yakawa mapezi marefu yaliyotokeza nje ya flanji za nguzo, kila boriti na bolti zake. Tangu siku hiyo, nikimaliza kiungo ninachora silinda ya upana wa mkono na spana mbele ya kila nati, nione kama inagonga chuma. Inakula nusu siku kwa jengo zima. Nawe usisubiri chuma kifike saiti, omba modeli mapema uizungushe mwenyewe, macho yako yanaona tusichokiona sisi wa kiti.

UB 305×165×40 zimekosekana madukani, zipo IPE 300. Nibadilishe jina tu kwenye modeli? (Mkandarasi, Ruaraka)

Kwa kupinda, UB na IPE, boriti ya I ya Ulaya bara, zinakaribiana sana, na webu ya IPE ni nene zaidi, 7.1 kwa 6. Tatizo liko kwenye mviringo wa kona, pale webu inapokutana na flanji. UB ina sehemu bapa ya webu kama milimita 265, IPE 300 ina 248 na kitu. Pezi la urefu wa 260 linalala vizuri kwenye ya kwanza, kwenye ya pili linapanda mviringo na halikai bapa, na fundi atalipigisha nyundo mpaka likubali. Badilisha jina, ndiyo, kisha pitia kiungo kimoja kimoja na umrudishie mhandisi asaini upya. Flanji nayo imepungua kutoka 165 hadi 150, angalia bolti zozote zinazopita hapo.

Sina hela ya leseni, na za wizi naziogopa. Nijifunzie wapi viungo? (Mhitimu, Kahawa West)

Ukiwa bado una kitambulisho cha chuo, Autodesk hutoa programu zake bure kwa wanafunzi. Ukishahitimu, FreeCAD ni ya bure kwa kila mtu na inatosha kuchorea pleti na matundu. Ila usianze na kompyuta. Anza na kile kiungo cha mchoraji wa Donholm hapo juu, kwa kalamu. Sasa weka bolti 4 badala ya 3, nafasi 60 badala ya 70, ukingo 40 juu na chini ili pezi litimie 260, na zile 50 kutoka usoni mwa nguzo uziache palepale. Kwa bolti peke yake mimi nimepata kilonyutoni 266. Ukipata namba nyingine, nitumie hesabu yako yote, si jibu tu.