Anza na paipu, kitanda baadaye

SWALI: Assalam aleykum fundi, shikamoo. Mie na ndugu zangu watatu tumerithi nyumba ya bibi yetu huku Mkunazini, Mji Mkongwe, nyumba ya mawe ya zamani, chini na ghorofa mbili juu, tunataka kuitengeneza tuikodishe kwa wageni wa likizo wanaokuja na watoto wao. Vyoo vilivyopo ni viwili tu, kimoja chini kabisa nyuma karibu na ua na kingine juu yake ghorofa ya kwanza. Vyumba ni virefu vyembamba, cha nyuma nimekipima upana futi 9 urefu 18. Fundi tuliyempata anasema vitoke vyumba vitano na kila kimoja kiwe na choo chake ndani, na choo cha chumba cha mbele akiweke palepale dirishani upande wa njiani. Kaka yetu mkubwa ameshakubali ila mie roho inasita. Tufanye vipi?
Msomaji, Unguja

JIBU: Waaleykum salaam, marahaba mwanangu. Roho yako ina haki ya kusita, na kabla hamjatoa hata shilingi kaeni wote wanne na karatasi na futikamba.

Hivyo vyumba havikufanywa vyembamba kwa kupenda. Dari ni boriti za mikoko na boriti ina urefu wake, ndo maana vyumba vingi vya Mji Mkongwe upana wake unaishia mita 2 na nusu mpaka 3 hivi, na juu ya boriti wamepanga mawe wakashindilia chokaa na udongo, hamna nondo wala zege humo. Sasa ukichukua shawa ukaiweka katikati ya sakafu ya namna hiyo ni kama umemwaga maji kila siku juu ya mti, halafu mti wenyewe huuoni kwa sababu umeufunika na tailizi.

Niliitwa nyumba moja hukohuko mjini, bafu lao la juu linang'aa, mwenye nyumba analalamika tu kidoa cha manjano kwenye dari ya chumba cha chini, kina ukubwa wa sahani. Nikapanda ngazi na bisibisi nikaigusa boriti pale inapoingia ukutani. Bisibisi ilizama mpaka mpini na wala sikusukuma kwa nguvu, ilikuwa kama unachoma boga lililoiva. Kitanda cha wageni kiko chini yake palepale na begi la mtoto liko juu ya kitanda. Niliwatoa siku ileile. Bafu lile lilikuwa na miaka mitatu tu. Mpaka leo nikiambiwa choo juu ya boriti nalikumbuka lile begi.

Kwa hiyo usianze kwa kuhesabu vitanda, anza kwa kuuliza maji machafu yatashukia wapi. Nyinyi mna bahati, vyoo vyenu viwili vimekaa kimoja juu ya kingine, nyuma, karibu na ua, waliojenga waliijua kazi yao. Hapo ndo pa kupitisha bomba moja la inchi 4 wima mpaka kwenye karo, yaani shimo la maji machafu, na kila bafu jipya liegemee ukuta huohuo, chini, juu, na juu yake tena. Paipu ya choo inataka mteremko wa inchi 1 kwa kila futi 4. Choo cha dirishani mbele tuseme kiko futi 30 kutoka kwenye ua, basi paipu lazima ishuke inchi 7 na nusu njiani, mtazificha wapi inchi hizo? Ama mkate boriti ama mnyanyue sakafu yote ya ukumbi wageni wajikwae usiku. Na fundi wenu akisema ataishusha nje upande wa njiani mkataze kabisa, ule ni uso wa nyumba kwenye mji ulioko katika orodha ya urithi ya UNESCO tangu mwaka 2000, tena ramani yenyewe inabidi ipite kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla nyundo haijagonga ukuta. Tuliliona Beit al Ajaib, lile jumba la zamani la sultani pale Forodhani, lilivyoporomoka upande mmoja Desemba 2020, hizi nyumba si za kubahatisha.

Mie ningetoa vyumba vitatu vyenye bafu, kila sakafu kimoja, vya nyuma. Cha mbele ghorofa ya kwanza kiwe cha watoto, vitanda viwili vya futi 3 na nusu, na mlango wa kupitia kwa wazazi watumie bafu moja, maana mmesema wenyewe wageni wenu wanakuja na watoto na mtoto wa miaka sita hataki bafu lake anataka kujua mama yuko wapi. Cha mbele juu kabisa kiacheni kiwe baraza la kupumzikia wapate upepo, cha mbele chini sebule na jiko.

Sasa hicho chumba cha futi 9 kwa 18. Kama ncha yake fupi inagusa ukuta wa ua, kata futi 5 za mwisho ziwe bafu, utabaki na futi 12 na nusu hivi za kulala ukishatoa unene wa kiambaza, na kiambaza chenyewe kiwe cha mbao nyepesi au bodi ya saruji isiyoogopa maji, msijenge tofali juu ya boriti. Ndani ya bafu panga kwa mstari: mlangoni sinki, katikati choo, shawa mwisho kabisa futi 3 kwa 3, hivyo anayepiga mswaki hakanyagi maji ya aliyeoga. Choo kipe upana wa futi 2 na nusu angalau magoti yapumue. Na kikae kwa kutazama mashariki au magharibi, sisi huku kibla ni kaskazini na msiruhusu fundi akielekeze choo huko wala akipe mgongo, mpime kabla ya paipu kuzikwa maana baadae hakigeuki. Kimpira cha kujisafishia upande wa kulia kwa aliyekaa.

Sakafu ya bafu tu, hizo futi 5, mleteni injinia anayezijua nyumba za mawe aseme kama boriti za hapo zitolewe pamwagwe slabu. Juu yake ipakwe dawa ya kuzuia maji, ipande ukutani nusu futi pande zote na kwenye shawa ipande mpaka juu ya kichwa cha mtu. Kisha kabla ya tailizi mzibe tundu, mjaze maji mpaka vidole vya miguu vizame, yalale siku nzima, asubuhi yake nendeni mkaangalie dari ya chini kwa tochi. Fundi akiwaambia haina haja mwambieni ina haja. Plasta ya kuta za zamani irudishiwe chokaa, saruji inafungia unyevu ndani ya jiwe halafu rangi inaanza kubanduka kama ngozi.

Tangi la maji nalo msilipandishe tu juu kwa sababu kuna nafasi, lita 1,000 ni tani nzima, likae juu ya ukuta mnene siyo katikati ya dari.

Kitanda nimekiacha mwisho makusudi. Cha 6 kwa 6 ukikiweka kichwa kwenye ukuta mfupi kila upande inabaki futi 1 na nusu, mtu anapita ubavu. Kigeuze kichwa kiende ukuta mrefu, miguuni utapata futi 3 safi na upepo wa dirishani utakikata kwa upande bila kumpiga mtu kichwani. Ukipata samadari, kile kitanda cha zamani cha nguzo nne, bora zaidi, fremu yake inabeba neti na feni inaning'inia juu yake havigombani. Kabati la nguo msinunue, linakula futi 2 za upana ambazo hamna, na vile vidaka vya bibi ukutani msivizibe hata kimoja, tieni taa, tieni mataulo, wekeni fimbo ya kutundikia nguo nyuma ya mlango. Mgeni wa likizo anakuja na begi moja.

SWALI: Fundi habari ya kazi. Niko Diani, niko na nyumba ya likizo vyumba vitatu na sasa naifanyia ukarabati. Kila wageni wakiingia siku ya kwanza wanalalamika bafu linanuka, siku ya pili harufu imeisha. Ning'oe vyoo vyote niweke vipya?
Msomaji, Diani

JIBU: Njema kaka, using'oe kitu. Chini ya kila tundu la maji kuna kona inayobaki na maji kidogo ndani yake, hayo maji ndo kizuizi cha harufu na mende. Nyumba ikifungwa wiki kadhaa kwenye joto lenu yanakauka, njia inabaki wazi mpaka shimoni. Wageni wakioga yanajaa tena, ndo maana siku ya pili unaona kimya. Mwambie anayekutunzia nyumba amwage jagi la maji kwenye kila tundu kabla wageni hawajafika, na ukiifunga muda mrefu atie na vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu, yanaelea na maji hayakauki haraka. Kwa vile umeshafungua kuta, angalia pia kama bomba kuu lina paipu ya pumzi inayotoka juu ya paa, isipokuwepo choo cha juu kikivutwa kinayanyonya yale maji ya sinki la chini na utasikia linagugumia. Na punguza matundu, bafu moja tundu moja la sakafu linatosha.

SWALI: Mlango wa bafu ufunguke ndani au nje?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Nje, au uwe wa kuburuta. Mtu akiteleza akaanguka nyuma ya mlango unaofunguka ndani mwili wake ndo unaufunga, na wewe uko nje unasukuma unamuumiza. Upana futi 2 na nusu usipungue, kitasa kile kinachofunguka kwa sarafu kutoka nje, na bawaba nunua za chuma kisichoshika kutu maana huko uliko upepo wa bahari unakula za kawaida hata kabla hujamaliza kulipa mkopo.