Transfoma ya ampea nyingi haiunguzi amplifaya, volti ndizo zinazounguza

Swali: Nina amplifaya ya bodi mbili za TDA7294 na spika za omu 8. Transfoma imeandikwa 24-0-24 (volti 24 kila upande wa sifuri), ampea 5. Nikipandisha besi sauti inakwaruza na taa ya mbele inafifia. Fundi mmoja anasema nikiweka ya ampea 10 itasukuma umeme mwingi na kuunguza IC (chipu ya TDA7294 inayokuza sauti). Mwingine anataka kunifungia 32-0-32 ili nipate nguvu. Nimsikilize yupi? Nimepima bati za transfoma: urefu sentimita 9.6, unene wa fungu lote 3.5. (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Usimsikilize hata mmoja. Wa kwanza anakutisha kwa kitu kisicho na madhara, na wa pili ataziua IC zako.

Hili la ampea naulizwa karibu kila wiki, na bado mafundi wanalieneza. Ampea zilizoandikwa kwenye transfoma ni uwezo wake wa kubeba mzigo. Bodi huvuta kiasi inachohitaji, basi. Simtanki la lita 5,000 halitoi maji kwa kasi kuliko la lita 1,000 kama yote yako kwenye mnara wa kimo kimoja. Kinachosukuma maji ni kimo cha mnara, na kwenye umeme kimo hicho ndiyo volti. Weka ya ampea 10 au hata 20, na maadamu volti ni zilezile, IC haitaona tofauti.

Sasa hiyo 32-0-32. Volti za AC (umeme wa kupishana unaotoka kwenye transfoma) zikishapita kwenye daodi na kujaza kapasita huwa mara 1.41, kwa hiyo 32 inakuwa kama 45 kila upande. Umeme wa ukutani ukipanda usiku kutoka 230 hadi 250, unafika 49. TDA7294 hufanya kazi mwisho volti ±40, yaani 40 chanya na 40 hasi. Hiyo ±50 wanayoitaja watu ni kikomo cha kuvumilia wakati hakuna sauti inayopita. Transfoma yako ya 24 inatoa kama ±33, na kwa omu 8 hapo ndipo pake. Ungekuwa na spika za omu 4 ningekwambia ushuke hadi 20-0-20, kwa sababu mkondo unaongezeka maradufu na joto linaishinda IC.

Tatizo lako liko kwenye vile vipimo ulivyoleta. Kwenye bati za E na I, ulimi wa katikati ni theluthi ya urefu: 9.6 kwa 3 ni 3.2. Zidisha kwa unene 3.5, unapata sentimita za mraba 11.2. Namba hiyo izidishe kwa yenyewe: 125. Hizo ndizo VA (volti mara ampea, yaani uwezo wa jumla) za transfoma yako, tena kwa makadirio ya ukarimu. Gawa kwa volti 48 (24 na 24), unabaki na ampea 2.6. Ile 5 ni ya kwenye karatasi tu. Bodi zako mbili zikifika mwisho hutoa kama wati 50 kila moja, na ili zitoe hizo huvuta zaidi ya wati 150. Ndiyo maana taa inafifia.

Thibitisha kwa mita kwanza. Weka ncha kwenye kapasita, upande wa DC (umeme uliokwisha kupita kwenye daodi), kisha piga wimbo wenye besi nzito. Ikishuka kutoka volti 34 hadi 30 au 31, transfoma haina kosa. Kaangalie spika na viungio vya risasi. Ikianguka hadi 25, ibadilishe.

Tafuta 24-0-24 ya VA 240 ya kweli: ulimi wa sentimita 3.8 na unene wa 4.1 unatosha. Daodi ndogo za ampea 3 zitoe, weka daraja la daodi la KBPC3510 ulibane kwenye bati la kasha. Kapasita ziwe 10,000µF za volti 50 kila upande, si za 35. Fyuzi ya praimari (upande unaoingia umeme wa ukutani) iwe ya kuchelewa, ampea 2. Mara ya kwanza washa kupitia balbu ya wati 100 ya waya, si LED, iliyofungwa mfululizo na praimari. Ikiwaka sana kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima.

Ukiamua kusukiwa transfoma, kaa hapo hapo uone. Kwangua ncha ya waya kwa wembe: ndani ikiwa nyeupe, ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba, na kwa unene uleule upitishaji wake wa umeme ni karibu asilimia 60 tu ya ule wa shaba. Waya wa sekondari (upande unaotoa umeme kwenda kwenye bodi) wa ampea 5 uwe na kipenyo cha karibu milimita 1.4.

Zaidi ya yote, angalia kinachowekwa kati ya praimari na sekondari. Wapo wanaookoa shilingi mia chache kwa kuzungusha selotepu, au kusuka juu kwa juu bila kitu. Selotepu ikilainika kwa joto, volti 230 zinaingia kwenye waya wa spika na kwenye maiki aliyoishika mtu. Dai karatasi ya kuhimili joto, matabaka matatu, iliyofunika hadi kingo. Kisha waya wa ardhi ufungwe kwa skrubu kwenye kasha, mahali palipokwanguliwa rangi. Fundi anayeziba nafasi ya fyuzi kwa uzi wa waya, mnyang'anye amplifaya yako uondoke nayo.