Mzee amesema arudishwe nyumbani

Baba ana saratani ya umio, na daktari amesema haitapona. Anataka kurudi kwake Siaya. Kaka mkubwa, aliye Mombasa, anasema tuuze shamba tumpeleke India. Nani mwenye neno la mwisho? (Kitinda mimba, Kisumu)

Baba yako. Maadamu akili zake ni timamu, Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa haki ya kukataa matibabu akishaelezwa matokeo ya kukataa. Kaka hana kura hapo. Wewe pia huna.

Lakini usimsomee kaka sheria. Mpigie simu ukiwa umeketi kando ya baba, amsikie mwenyewe. Anayevutana sana huwa ni yule wa mbali, ambaye hajamwona mzee akishindwa kumeza hata uji. Nasema hivi kwa sababu mimi nimewahi kuwa huyo wa mbali. Kabla ya kugusa shamba, mwombeni daktari awaambie nyote kwa pamoja safari hiyo itamwongezea mzee nini hasa. Kisha baba aandike, angali na nguvu za kushika kalamu, jina la mtu atakayeamua kwa niaba yake akishindwa kusema. Mtu huyo sheria inamtambua.

Mama amepewa mofini ya maji. Shangazi ameificha, ati ndiyo itakayommaliza. (Nakuru)

Itoeni huko leo hii. Ikinywewa kwa kipimo alichoandika daktari, mofini hutuliza maumivu, mama akapata usingizi. Kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne. Msingoje aanze kulia, maana maumivu yakishapanda ni kazi kuyashusha. Siku za kwanza atasinzia sinzia. Akilala mpaka haamshiki, piga simu hospitalini mara moja. Choo nacho kitakuwa kigumu, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha mapema. (Hili husahauliwa mno, na mgonjwa huteseka kimya kwa aibu.)

Shangazi mpeleke hospisi, kituo cha kuwatuliza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, aongee na wauguzi. Nakuru ipo, Kisumu ipo, Eldoret ipo. Wengi hukimbilia huko zikiwa zimesalia siku mbili, na ilhali wangesaidiwa miezi kadhaa kabla.

Mzee ananiambia, "Mwanangu, nisaidie nipumzike." Inaruhusiwa? (Kakamega)

Hairuhusiwi. Kumsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai Kenya. Kukataa mashine ya kupumulia au kemo (dawa kali za saratani) nyingine ni jambo tofauti, na hilo ni haki yake. Ila muulize kwanza, taratibu: "Baba, ni nini kinachokuchosha?" Huenda ni maumivu ambayo hayajapata dawa ya kutosha. Huenda ni aibu ya kuoshwa na mkaza mwana. Yote mawili yana tiba, na daktari wake aambiwe leo kwamba ametamka hivyo.

Mama alinitajia kwa mdomo atakayerithi ploti. Huo ni wasia? (Bungoma)

Bado. Wasia wa mdomo hukubalika ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mwenyewe afariki ndani ya miezi mitatu. Wewe ni mmoja. Waite majirani wawili wasiotarajia kurithi chochote, jioni hii kama ana nguvu za kuongea.