Maswali yenu: kujifunza udaktari kwa vitendo

Vipindi vya vikundi vinanichosha, natoka naona sijapata kitu. Lekcha naelewa vizuri tu. Si warudishe lekcha?

Hapo unajidanganya ndugu yangu. Harvard walitoa utafiti 2019 kwa wanafunzi wa fizikia, waliokaa kusikiliza lekcha nzuri walijiona wamejifunza zaidi, ila kwenye mtihani waliohangaika na maswali wenyewe ndio wakawashinda. Mtu anayejua akiongea kila kitu kinateleza, huoni ulipokwama mpaka uulizwe wewe. Ila kama kwenye kikundi chenu anaongea mmoja na wengine mko WhatsApp, hapo kweli hamjifunzi kitu.

Hii PBL (kujifunza kwa kutatua tatizo kwenye kikundi) ilianzia wapi, na kwanini tuta, yaani mwalimu wa kikundi, hatoi majibu?

Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, 1969. Tuta akishasema jibu nyote mnaacha kufikiri, ndio maana anakaa kimya (wengine wanazidisha, najua).

Skills lab (chumba cha mazoezi ya vitendo) mdoli mmoja, sisi kibao. Nakandamiza kifua chake kidogo tu, kama wa kumwokoa aliyesimama moyo, zamu imeisha.

Hili ndilo naulizwa sana. Zamu ya mwenzako nayo ni ya kwako, usisimame tu kama uko kwenye foleni. Yeye anakandamiza kifua we hesabu, je anafika 100 hadi 120 kwa dakika, anazama sentimita 5 hadi 6, viwiko vimenyooka, anaacha kifua kirudi juu chote kabla ya kukandamiza tena? Mwambie hapohapo, kwa sauti. Halafu yapo mengi yasiyohitaji mdoli kabisa, mfano presha mnapimana wenyewe hosteli. Wengi wanaachia upepo fasta sana mpaka wanapitwa na sauti ya kwanza, we shusha taratibu, kama milimita 2 za kipimo kwa sekunde, na kabla ya kuweka stethoskopu tafuta kwanza mapigo kwa vidole ujue ujaze mpaka wapi.

OSCE (mtihani wa vitendo) inakuja, nimesoma notsi mara tatu. Inatosha?

Hapana. Tangu daktari Harden na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, wautangaze 1975 huo mtihani unaangalia unachofanya, sio unachokumbuka. Weka saa, mmoja awe mgonjwa, mwingine ashike cheklisti, ongea kwa sauti. Utashangaa unavyosahau hata kujitambulisha.

Naruhusiwa kujifunzia kutoa damu kwa mgonjwa wa wodini?

Akikubali mwenyewe, baada ya kumwambia wazi wewe ni mwanafunzi, na msimamizi yupo pembeni. Akikataa mshukuru, muite anayemhudumia, usianze kumbembeleza.