Plasta Imetoka, Je, Mfupa Uko Sawa?

Nina miaka 58. Niliteleza bafuni nikavunjika kifundo cha mkono. Plasta imetolewa, naambiwa nimepona. (Mama, Umoja)

Mkono umepona, swali halijajibiwa. Anayeanguka kutoka kimo chake mwenyewe hatarajiwi kuvunjika. Akivunjika, shuku osteoporosisi, yaani mifupa kuwa myepesi na dhaifu. Hatari ya kuvunjika tena huwa kubwa zaidi miaka miwili ya mwanzo. Anayefunga plasta mara nyingi haulizi kwa nini mfupa ulivunjika, basi uliza wewe. Omba deksa (DXA), kipimo cha eksrei hafifu kinachoonyesha uzito wa mfupa, ya nyonga na kiuno. Eksrei ya kawaida huchelewa: mfupa huonekana mwepesi baada ya takriban asilimia 30 kupotea.

Deksa yangu ni -1.8, nami nina miaka 67. Nimeambiwa sina osteoporosisi. Nitulie? (Msomaji, Lang'ata)

Bado. Namba hiyo, alama T, hulinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya. Kweli, osteoporosisi huanzia -2.5 kushuka, na -1 kwenda juu ni sawa. Ila wengi wanaovunjika wako hapo katikati ulipo, kwa kuwa ndiko kwenye watu wengi. Mwombe daktari ajaze FRAX, kikokotoo cha Chuo Kikuu cha Sheffield cha watu wa miaka 40 hadi 90. Kinataka umri, jinsia, uzito, kimo, kama umewahi kuvunjika, kama mzazi alivunjika nyonga, sigara, pombe, baridi yabisi na dawa za steroidi, kisha kinatoa hatari ya kuvunjika ndani ya miaka 10 kwa asilimia. Marekani, tiba hufikiriwa hatari ya nyonga ikifika asilimia 3, au 20 kwa mifupa mikuu kwa jumla. Uliza kwenye FRAX ilichaguliwa nchi gani, maana jibu hubadilika. FRAX ya kawaida pia haihesabu mianguko: ukianguka mara tatu kwa mwaka, hatari yako imezidi hiyo namba.

Baba, miaka 72, anameza prednisoloni, dawa ya steroidi, kila siku. Haya si mambo ya akina mama? (Kayole)

Hata kidogo. Miligramu 5 kwa siku kwa miezi mitatu zinatosha kumweka hatarini. Asiache ghafla, ni hatari. Mpimeni kimo: akiwa amepungua sentimita 4 tangu ujanani, huenda pingili ya mgongo imebonyea kimyakimya.

Alendronati, dawa yangu ya mifupa ya kila wiki, inanichoma kifua. (Kariobangi)

Unaimezaje? Imeze asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji. Chai ya maziwa huizuia kuingia mwilini. Usile wala usilale kwa dakika 30, la sivyo kidonge huunguza umio. Ukiendelea kuchomwa, usimeze kingine kabla ya kumwona daktari.