Mmeuliza: kinu kidogo chenye sumaku kali

Safu iliyopita kuhusu vinu vya kuunganisha viini vya atomi imezua maswali. Nimechagua manne.

ITER, kinu cha majaribio cha mataifa mengi kule Ufaransa, ni dude kubwa. Hawa wa SPARC wamekifanyaje kinu chao kiwe kidogo? (Mwanafunzi, Makerere)

Siri ni sumaku. Plazma, yaani gesi ya moto mno ambayo atomi zake zimeachana na elektroni, ina nyuzijoto zaidi ya milioni 100 na haishikiki na chuma chochote, kwa hiyo huning'inizwa ndani ya uga wa sumaku. Uga ukiongezwa mara mbili, nguvu inayopatikana katika kila mita ya ujazo yaweza kupanda mara 16. Ndiyo maana SPARC, kinachojengwa Devens, Massachusetts, Marekani, kina plazma yenye nusu kipenyo cha mita 1.85, wakati ya ITER ni mita 6.2. Uga wa katikati umekusudiwa kufika tesla 12.2 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga), wa ITER ni 5.3.

ITER kilisanifiwa kwa nyaya za niobiamu, na hizo hushindwa uga ukizidi. SPARC wanatumia tepu ya metali iliyopakwa tabaka jembamba mno la kauri. Septemba 2021 walijaribu sumaku moja ikafika tesla 20. Tepu iliyoviringishwa humo ilizidi kilomita 260, karibu Kampala mpaka Mbarara, na kinu kinataka sumaku kubwa kama hizo 18!

Wanasema ni sumaku za "joto la juu". Basi friji ya kawaida inatosha? (Fundi friji, Katwe)

Wapi, fundi! Joto hilo ni la juu mbele ya niobiamu tu, inayotaka hasi 269. Tepu hizi huanza kupitisha umeme bila ukinzani kwenye hasi 180 hivi, ambako nitrojeni ya kimiminika inatosha kuzipoza. Ila uga ukiwa mkali, uwezo wao wa kubeba umeme hushuka, kwa hiyo ile ya 2021 ilipozwa mpaka hasi 253. Kompresa zako ziache na soda.

Kikilipuka, sisi wa Buyende tutapona? (Mkulima, Buyende)

Mzee, mtambo unaopangwa kwenu ni wa kupasua viini vya urani, si wa kuviunganisha. Huu ni mwingine: fueli iliyo ndani ni kidogo sana, na plazma ikivurugika hupoa ikazimika. Mionzi ipo, kwani nyutroni, chembe zinazotoka kwenye plazma, huacha chuma cha kinu na mionzi.

Umeme unakatika kila jioni. Uganda tutakipata lini? (Mama wa saluni, Jinja)

Mama, usikisubiri. Duniani hakuna kinu cha aina hii kilichouza hata uniti moja kwenye gridi. Waliobuni SPARC wanapanga kituo cha megawati 400 Virginia mwanzoni mwa miaka ya 2030, na mimi ningeongeza miaka kadhaa juu ya ahadi hiyo. Bwawa la umeme la Karuma, la megawati 600, lilizinduliwa 2024, na saluni yako bado inaingia giza. Kama ni kila jioni, nashuku transfoma ya mtaa imezidiwa. Kusanya majirani, nakilini namba iliyo kwenye nguzo yake, mwende ofisi ya umeme pamoja.